Mchikichi Huu Atauvuna Nani?

Mtaa wa Gungu, Kigoma mjini, umeamka na ukungu. Mvua ya vuli imenyesha mpaka alfajiri, mabati yanadondosha maji taratibu, kuku wanatafuta pakavu, na ziwa ambalo siku nyingine huonekana kule chini leo halipo kabisa. Clementina Bukuru anashuka njia ya tope kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Miguuni ana viatu vya mpira, kiunoni kitenge, na mikononi amebeba mche wa mchikichi ulio kwenye kiriba cheusi.

Anaubeba kwa uangalifu, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

"Mama, leo umeacha nyumba umehamia kwenye kilimo?" dereva mmoja wa bodaboda anamtania akiwa amejikunyata chini ya kibanda.

"Kilimo gani cha mche mmoja?" anajibu Clementina bila kusimama. "Huu una kwake. Jioni utakuwa umefika."

Hasemi kwake ni wapi. Anacheka kidogo, halafu cheko linakatika njiani. Leo ana safari moja anayoiogopa, na ameamua aitangulize kazi ili moyo upate kutulia.

Kazi yake ni udalali wa nyumba. Lakini ukienda kumtafuta kwenye kijiwe cha madalali karibu na soko, pale wanapokaa wanaume na simu zao mbili mbili, hutamkuta. Wenzake husubiri nyumba itangazwe. Clementina huifikia nyumba kabla mwenyewe hajamwambia mtu yeyote kwamba anaiuza, na mara nyingine kabla mwenyewe hajajiambia.

"Nyumba ikishaandikwa namba ya simu ukutani, mimi nimeshachelewa," anasema. "Pale wanakuja watu kumi, kila mmoja na bei yake mdomoni, na mama wa watu anachanganyikiwa. Mimi nataka nifike wakati bado ni mawazo."

Anasimama mbele ya nyumba moja ya matofali ya kuchoma. Anasimama muda mrefu, mche mikononi, macho yamelegea. Asiyemjua angedhani anaota, na asingekosea sana. Clementina mwenyewe anakiri kwamba kila nyumba anayoiangalia huwa anahamia kwanza kichwani. Anatandika kitanda, anaweka jiko, anafungua dirisha aone jua linaingilia wapi. Akishaishi humo dakika mbili tatu, ndipo anaanza kuona kinachokosekana.

Uani kuna mchikichi mkubwa. Makuti makavu yamekatwa, shina liko safi, na chini yake kuna majani yaliyofagiliwa.

"Mwenye nyumba hii habanduki," ananong'ona. "Lakini acha tumsalimie."

Mwenye nyumba, Mzee Thobias, anapukuchua maharage kibarazani. Ni mfanyakazi mstaafu wa reli, mpole, na mguu wake mmoja umevimba.

"Mwakeye, Mzee. Shikamoo," anasalimia Clementina, Kiha na Kiswahili kwa pamoja.

"Marahaba mama, mwakeye. Karibu ukae. Huo mche umeniletea mimi?"

Wanacheka. Wanazungumza habari za mvua, za mguu, za bei ya mawese. Clementina anakubali maharage kidogo mkononi, anasaidia kupukuchua. Ndipo kana kwamba limemjia hivi hivi tu, anainua macho kwenye mti.

"Mzee, na mchikichi huu mwakani atauvuna nani?"

"Si Gasper!" anajibu Mzee Thobias bila kufikiri. "Mwanangu wa Mpanda. Anakuja Krismasi, anataka kujenga choo kipya huko nyuma. Mimi nimwambie nini? Ajenge."

Clementina anashukuru, anaaga, anaondoka na mche wake.

"Hapo hamna habari," anasema akishafika njiani. "Mtu anayejenga choo hahami."

Swali hilo la mchikichi ndilo zana yake ya kazi. Kigoma ni nchi ya michikichi, na karibu kila ua una mti wake mmoja au miwili. Clementina aligundua zamani kwamba ukimuuliza mtu kama anauza nyumba atakukatalia, tena kwa hasira, hata kama jana yake alilala akiwaza bei. Lakini ukimuuliza nani atavuna mti wake mwakani, hana muda wa kujipanga. Atakayetaja jina la mwanawe, mkewe au yeye mwenyewe, huyo anabaki. Atakayesema "Mungu anajua", nyumba yake imekwisha kuanza safari.

Kwenye nyumba ya nne siku hiyo anampata wa namna hiyo. Ni mjane anayeitwa Mama Agnesi, na mti wake umezungukwa na makuti makavu yasiyoguswa tangu kiangazi. Bustani yake ina mchicha tu. Hakuna mgomba mpya, hakuna mpapai, hakuna kitu kinachohitaji subira.

"Mwakani?" Mama Agnesi anarudia swali, macho yakienda mbali. "Mungu anajua, mwenzangu."

Clementina anaomba maji, anakunywa, anasifia mchicha, anaaga. Hatoi namba ya simu, hataji mnunuzi.

"Wiki ijayo nitapita tena nimletee chumvi," anaeleza. "Na wiki itakayofuata. Akitaka kusema, atasema. Asipotaka, tutakuwa tumejuana. Mimi sipendi kumsukuma mtu atoke kwake."

Si wote wanaomwona kwa jicho hilo. Mtaani kuna utani kwamba Clementina akipita kwako mara mbili, anza kufunga mizigo. Wapo wanawake wanaoingia ndani wakimwona, wengine hutema mate pembeni kwa mzaha ambao si mzaha wote. Yeye anasema amezoea, ingawa sauti inapungua anapolisema hilo.

Mapato yake ni ya mashaka. Mwaka jana aliuza nyumba tatu na viwanja viwili. Kuna miezi inayopita mikavu kabisa, naye analipa kodi ya shilingi elfu sabini kwa vyumba viwili huko Buzebazeba, ambako ameishi tangu mumewe alipofariki. Watoto wake wawili wameshaoa na kuolewa, wako Kasulu na Tabora.

Sharti lake moja linamkosesha wateja wengi. Haleti mnunuzi mpaka ndugu wote wenye haki kwenye nyumba wamekaa pamoja wakakubaliana. Bwana mmoja, Leonardi, alimjia akitaka kuuza nyumba ya marehemu baba yake haraka haraka. Clementina alimuuliza dada yake yuko wapi. Akaambiwa yuko Kagunga, mbali, kule mpakani, na simu haipatikani. "Nikamwambia boti zinapatikana," anasema Clementina. Dada alikuja na boti, wakagombana siku mbili, wakapatana siku ya tatu, nyumba ikauzwa, na leo wote wawili wanamsalimia.

Kagunga ndiko alikozaliwa yeye pia. Na hapo, ndugu msomaji, ndipo ilipo siri ya mche.

Mama yake, Skolastika, alikuwa mchuuzi wa dagaa. Alikuwa akipakia magunia kwenye boti Kagunga, anashuka Kigoma, anapeleka mzigo Ujiji, na Clementina mdogo alikuwa akija naye wakati wa likizo. Ujiji walifikia kwenye nyumba moja ya kizamani ya udongo na chokaa, yenye milango ya bluu na ua mpana. Wenye nyumba walikuwa na desturi ya kuwapa wachuuzi wa kike chumba cha uani wapumzike mpaka mzigo uishe, bila malipo, ila kibaba cha dagaa kwa ajili ya mboga.

"Chumba kile kina dirisha dogo," anasema Clementina, na sasa ameacha kutembea. "Ukilala kwa ubavu wa kushoto unaona kipande cha ziwa. Kidogo tu, kama upana wa kanga. Asubuhi kinakuwa cheupe, jua likipanda kinakuwa cha bluu. Mimi nilikuwa najifanya sijaamka ili niendelee kukiangalia. Mama ananiita, nimenyamaza. Mpaka leo nikipata usingizi mzuri, naamka naona niko mle."

Mama alifariki Clementina akiwa na miaka kumi na sita. Msichana akahamia mjini, akakaanga migebuka kando ya barabara ya Ujiji kwa miaka mingi, na pale kwenye karai ndipo alipojifunza udalali bila kujua. Watu wakingoja samaki wanazungumza. Huyu anataka kumfuata mwanawe Mwanza, yule hawezi tena kupanda kilima. Siku moja alimuunganisha mtu na mtu, akapewa ahsante nono kuliko samaki wa mwezi mzima. Akaliacha karai.

Lakini hakuiacha nyumba yenye milango ya bluu. Mwenyewe wa sasa ni Bi Yasmini Hamdani, binti wa wale wale waliowapa wachuuzi chumba, mama wa makamo wakati ule na sasa bibi wa miaka karibu themanini. Kila Clementina alipopata kamisheni, alitenga sehemu kwa ajili ya nyumba hiyo. Hakumwambia mtu, hata Bi Yasmini mwenyewe. Alipita kumsalimia, akanywa chai ya tangawizi, akaondoka. Na swali la mchikichi, alilowauliza watu wa Kigoma yote, kwenye ua ule hakuthubutu kuliuliza.

"Niliogopa jibu," anasema waziwazi. "Akitaja mwanawe, basi ndoto yangu imekwisha. Akisema Mungu anajua, fedha zangu hazijatosha. Majibu yote mawili yalikuwa yananiumiza. Nikaona bora nisiulize."

Miezi minne iliyopita akaanza kuona dalili.

Kwanza mchikichi wa Bi Yasmini ulianguka kwa upepo, na bibi hakupanda mwingine. Halafu sufuria kubwa za shughuli, zile za pilau la maulidi, zikagawiwa kwa majirani. Kabati la chumba cha uani likatolewa nje, likachukuliwa na mkokoteni. Magodoro yakaanikwa, yakatolewa sadaka. Halafu akaja binti wa Bi Yasmini kutoka Dar es Salaam, wakati si wa sikukuu wala msiba, akakaa siku nne, akaondoka amenuna.

Clementina alizisoma dalili hizo kama anavyozisoma kila siku, na kila moja ilimwambia jambo lile lile. Bibi anauza, anahamia kwa mwanawe.

"Niliumwa," anasema. "Sikulala, sikula. Unajua nilichokiona? Nilimwona mfanyabiashara amebomoa milango ile, amejenga fremu za maduka mpaka barabarani. Chumba kile kimekuwa stoo ya saruji. Nikasema hapana, kama si mimi basi awe mtu ninayemjua."

Mtu huyo alikuwa Elinipa Mbwambo, mwalimu wa sekondari kutoka Same, aliyehamishiwa Kigoma akaipenda, akawa anatafuta nyumba ya zamani yenye ua. Alikuwa ameshamwambia Clementina kwamba akipata ya namna hiyo hatagusa hata mlango. Clementina akaamua. Akajitoa yeye kwenye ndoto yake, akamwingiza mwalimu. Kwa hesabu yake hilo lilikuwa tendo la mapenzi.

Kosa lake halikuwa hilo. Kosa lake ni kwamba alimpeleka mnunuzi bila kuuliza kwanza. Yeye, anayeleta chumvi wiki tatu kabla ya kutaja neno! Yeye, aliyetaka dada wa mtu aitwe kutoka Kagunga!

Bi Yasmini aliwapokea vizuri sana. Akawakalisha kwenye jamvi, akamimina chai, akamuuliza mwalimu habari za Upareni. Mwalimu, kwa nia njema, akasifia milango, akauliza kama paa limewahi kubadilishwa na mpaka wa kiwanja uko wapi. Bibi akaweka birika chini. Akamgeukia Clementina.

"Clementina mwanangu," alisema taratibu. "Kumbe leo umekuja kuniuza?"

Hakugomba. Aliwaambia wamalize chai, maana chai haina kosa. Kesho yake fundi rangi alikuja na kopo la rangi nyekundu, akaandika kwenye ukuta wa mbele kwa herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI.

Maneno hayo kila Mtanzania anayajua. Huandikwa na watu wenye hofu kwamba kuna ndugu au tapeli anauza nyumba yao kwa mlango wa nyuma. Kwenye ukuta wa Bi Yasmini, ambaye hana ugomvi na mtu, mtaa mzima ulijua yameandikwa kwa ajili ya nani. Siku hiyo hiyo kijiweni walicheka mpaka wakashika mbavu. "Dalali wa mawazo amesomewa mawazo yake!" walisema. Watu waliokuwa wamemkabidhi habari zao wakaanza kumkwepa.

"Kucheka si kitu," anasema Clementina. "Wacheke. Mimi nilikuwa nawaza yule bibi amekaa peke yake ndani, anadhani miaka yote ile ya chai nilikuwa nampima."

Machozi yanamtoka. Anayafuta kwa ncha ya kitenge, bila kuuweka mche chini.

Tangu siku ile hakupita tena mtaa ule. Akienda Ujiji huzunguka kwa nyuma, njia ndefu ya mashimo. Aliyemsukuma arudi ni mwalimu Elinipa, ambaye baadaye alipata nyumba nyingine Gungu kwa mkono wa Clementina huyo huyo.

"Nilimwambia dada, mimi ndiye niliyeuliza habari za paa, na mimi nimeshakwenda kuomba radhi," anasema mwalimu. "Bibi alinipokea. Akaniuliza tu, 'Na mwenzio yuko wapi?' Nikaona huyu hana kisasi, anamngoja mtu."

Saa tisa alasiri ukungu umeondoka. Clementina anashuka kwenye bodaboda mwanzo wa mtaa, anamlipa dereva, anasimama. Ujiji baada ya mvua ina harufu ya udongo na mawese yanayochemka mahali fulani. Kati ya nyumba mbili, kule chini, ziwa limerudi, na ng'ambo yake milima ya Kongo imetokea yote, karibu kabisa, kama ya kuchora. Anaitazama kwa muda. Anaupangusa mche tope kwa kidole, jani moja baada ya jingine.

"Kama hatanipokea," anasema, "nitauacha mlangoni. Mche hauna kosa, kama ile chai."

Ukutani maneno bado yapo, mekundu, hata mvua haijayagusa. Anapita chini yake ameinamisha kichwa, anabisha hodi kwenye mlango wa bluu.

"Hodi hapa! Bi Yasmini, shikamoo."

Ndani kuna mlio wa kandambili zinazoburutwa. Mlango unafunguka nusu. Bi Yasmini ni mwembamba, mfupi, ushungi mweupe umezunguka uso wenye macho makali.

"Marahaba," anasema. Anamtazama Clementina, anautazama mche, anamtazama tena. "Umekonda. Pita, usiniletee tope ndani, zunguka uani."

Uani kuna shimo pana pale ulipong'oka mti wa zamani. Maji ya mvua yamejaa nusu. Clementina anaweka kiriba chini, anapiga magoti kwenye udongo ulioloa, na kabla hajaulizwa anaanza.

"Bibi, nimekukosea. Nilikuletea mtu bila kukuuliza. Nilidhani unahama. Naapa sikutaka kukutoa, nilitaka..." Anaushika mche. "Nilitaka nyumba hii niinunue mimi. Tangu utoto. Fedha hazikutosha, nikaona heri nimpe mtu mwema. Nisamehe."

Bi Yasmini anavuta kigoda, anakaa taratibu, mkono mmoja gotini.

"Sasa nani alikwambia nahama?"

"Ulitoa vyombo, bibi. Ulitoa kabati, ukatoa magodoro. Na mti hukupanda."

"He!" Bi Yasmini anapiga kofi moja, nusu hasira nusu kicheko. "Mtu akitoa magodoro mabovu anahama? Magodoro yale yamelaliwa na wachuuzi tangu enzi ya marehemu mama yangu, yana kunguni wa ukoo! Nilikuwa nasafisha chumba, wewe. Nasafisha ili akae mtu. Mwanangu alikuja kunichukua Dar es Salaam, nikamwambia siendi, natafuta mtu wa kukaa naye hapa hapa. Akanuna, akaondoka. Na mti sikupanda kwa sababu mimi na kiuno hiki nitachimbaje?"

Clementina amefunika mdomo kwa mkono wenye udongo. Kila dalili aliisoma sawasawa, ila aliisoma kinyume. Miaka yote hiyo amewaangalia watu wanaotoa vitu ili waondoke. Hakuwahi kumwona anayetoa vitu ili apate nafasi ya mtu kuingia.

"Na nikuambie jingine," anaendelea Bi Yasmini. Sasa sauti imelainika. "Lile swali lako la mchikichi nalijua. Ujiji nzima inalijua. Wameulizwa jirani zangu wote, kulia na kushoto. Mimi nikakaa nasema, siku moja atafika kwangu na mimi aniulize. Jibu nilikuwa nalo tayari. Siku hiyo ukaja na mwalimu, badala ya swali. Hicho ndicho kilichonichoma. Nikaita fundi rangi."

Kuku anapita pembeni ya shimo, anakunywa maji, anaendelea na safari zake.

Kisha Clementina anachota maji kwa kopo, anayamwaga pembeni mpaka shimo linabaki tope tupu. Anachana kiriba, anauingiza mche, anashindilia udongo kwa viganja, polepole, kutoka shinani kwenda nje. Mche unasimama, mdogo mno kwa shimo lile kubwa. Bi Yasmini anamwelekeza kwa fimbo: huku kidogo, hapo umeupinda, haya, sasa sawa.

"Haya," anasema bibi. "Niulize."

"Nikuulize nini tena, Bi Yasmini?"

"Usijifanye hujui. Umewauliza watu wote wa Kigoma. Niulize na mimi."

Clementina anashindilia tena udongo ulioshindiliwa tayari. Anapouliza, sauti yake ni ndogo kuliko ile ya asubuhi kwa Mzee Thobias, ndogo kuliko aliyotumia kwa Mama Agnesi.

"Bi Yasmini. Mchikichi huu ukizaa... atauvuna nani?"

"Atauvuna anayelala chumba kile." Fimbo ya bibi inaelekea chumba cha uani, mlango umerudishwa tu, dirisha dogo limefunguliwa kupunga hewa. "Na wanangu nimeshawaambia, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mimi nikiwa hai nyumba hii haiuzwi, ndiyo maana nimeandika. Nikiondoka, wakitaka kuuza, wasiende kijiweni. Wamuulize kwanza anayelala chumba kile kama fedha zake zimetosha. Akisema bado, wamngoje."

Clementina amebaki amepiga magoti pale pale. Kitenge kimelowa, mikono yote ni tope, na anamtazama bibi kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali, hana hakika amesikia vizuri.

"Na sasa hivi," anauliza, "chumba kile analala nani?"

"Hakuna mtu. Kina vumbi." Bi Yasmini anajiinua kwenye kigoda, anajinyoosha kiuno, anaelekea jikoni kubandika birika. Mlangoni anageuka. "Ufagio uko nyuma ya mlango."